Kona ya Wodi ya Bukima

Jambo lote liligharimu mabua ishirini na sita ya mtama, ganda moja la kiberiti na ugomvi wa siku mbili na mke wangu. Nimehesabu mara mbili.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya ujenzi Musoma, Mkadiriaji Mkuu alinipa rula ya skeli na kunionya: "Saruji hakuna, kijana. Hesabu yake lakini ipo, na isipungue." Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni na unga wa njano. Kazi ya mkadiriaji ni kusoma ramani na kusema jengo litakula matofali mangapi, nondo ngapi, mifuko mingapi. Nilikadiria maghala ya pamba Bunda, kisha madarasa Butiama, halafu nikarudishwa Musoma. Hapo nikakutana na wodi ya wazazi ya Bukima.

Ramani zilikuwa mbili. Ya msanifu ilionyesha kuta na milango. Ya mhandisi, nguzo na nondo. Kila moja ilikuwa sahihi. Ila hakuna aliyewahi kuzilaza pamoja, na mimi nilihisi kona ya korido ina kasoro bila kuweza kuithibitisha. Kibali cha saruji kilikuwa kimoja tu. Na Nyangeta, mke wangu, alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Bukima ni kwao, na alishapanga kujifungulia pale.

Nikachukua mabua aliyoyaweka ya kupikia.

"Wewe bwana, ugali utaiva kwa ramani?"

Alininunia siku mbili. Ya tatu akaketi kando yangu, akaanza kumenya mabua kwa meno, kama watoto wanavyotengenezaga magari. Tukajenga wodi nzima, kuta za msanifu na nguzo za mhandisi ndani ya nyumba moja. Ganda la kiberiti lina sentimita tano, machela mita mbili. Kwa hiyo skeli ikawa moja kwa arobaini. Nyangeta akalisukuma lile ganda kwenye korido. Likakwama konani, kwenye nguzo.

"Hapa mzazi mnampitishaga vipi? Mnamsimamisha kama gunia?"

Nikaibeba wodi kichwani hadi kwa Mhandisi wa Mkoa.

"Serikali haijengi kwa mabua, bwana."

"Kweli, mzee. Haya nayavunja kwa kidole. Ile ya zege utaivunja kwa nyundo, na kibali kitakuwa kimeisha."

Akasukuma kiberiti mwenyewe, mara tatu. Akakigeuza, akajaribu kinyumenyume. Nilimwomba nguzo isogee sentimita sitini, akanipa arobaini. Nilikuwa nahitaji thelathini.

Miezi michache baadaye Nyangeta alipita konani pale juu ya machela, wabebaji wawili, uchungu umemshika barabara. Nilikuwa nyuma yao, nimebeba beseni. Akanyoosha mkono, akaigusa ile nguzo.

"Kiberiti kimepita," akasema, akaendelea kulia.

Enzi ya Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, saruji ikajaa madukani, nami nikaendelea kuhesabu hadi nilipostaafu. Juzi hapa Bunda, binti mmoja mhandisi alinionyesha jengo ndani ya kompyuta. Msanifu, mhandisi na fundi bomba, wote wamo katika nyumba moja. Bomba likigonga nguzo, panawaka nyekundu kabla jembe halijagusa ardhi. Ukisogeza ukuta, hesabu ya matofali inajirekebisha yenyewe. Vijana, msiidharau. Sisi tuliijua kona moja; ninyi mnazijua zote.

"Inahesabu mara mbili?" nikamuuliza.

"Mara moja inatosha, babu."

Nikamvulia kofia.

Wodi yetu ya mabua bado iko juu ya kabati. Nyangeta ametangulia, huu mwaka wa pili, na dumuzi wamefika kwenye korido. Kila asubuhi nafuta unga wao. Yule binti anasema ataipima yote, aiingize kwenye kompyuta isiliwe tena, na bure. Hilo neno bure nimeliuliza mara mbili. Vipimo nitampa. Lakini kwenye kuta zile kuna alama za meno ya mke wangu, nazo hazimo katika ramani yoyote. Ninyi mnaoijua kazi hii, nishaurini: hizo zinaingizwaje?