Ng'ombe wa Toleo la Nne

Jumanne, katika ofisi moja ya mikopo hapa Mpanda, dada aliyekuwa mbele yangu aliomba pesa za kuchapa toleo la nne la kitabu chake cha katuni. Afisa, mama wa makamo, alishusha kalamu kwenye fomu.

“Unalima?”

“Hapana, mama. Nachapisha katuni.”

“Hata mizinga ya nyuki huna, kule Ugalla?”

“Sina. Nina hii.” Akaweka toleo la tatu mezani.

Mama akafungua. Ng'ombe alikuwa anamkimbiza mgambo sokoni. Akacheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi kwa kitenge. Akaivaa tena, akasoma lote, foleni ikisubiri.

“Sasa huyu ng'ombe anakamatwa?”

“Hilo liko toleo la nne, mama.”

Akashika kalamu, akaandika: hana dhamana. “Pole, mwanangu. Likitoka usinisahau.” Kitabu akakitia kwenye droo yake.

Ningemsema vibaya mama yule, lakini nami nilikuwa nimenyoosha shingo nikisoma naye. Nilipomkuta dada nje, nilimwuliza kama ng'ombe anakamatwa. Bei ya kitabu sikuuliza.