Halua ya Posa

Nyanya yangu wa Likoni alikuwa na mbuzi mla kanga. Akishaila hujisimamia kimya kama hakufanya neno, na pindo laning'inia mdomoni. Mbuzi huyo nilikuja kumkumbuka miaka ya themanini, nilipokwenda kuposa Kisauni.

Baba wa msichana hakutaka mvuta bangi awe mkwewe, nami bila bangi nilitetemeka. Nivute msokoto? Kanzu itanuka. Kiko cha maji? Moshi ni ule ule. Basi nikaikaanga kwa samli, nikaila na mkate. Wallahi, nilijiona bingwa!

Mzee alinikumbatia, akaninusa shingo mpaka kwapa. "Mashaallah, udi mtupu!"

Nimeshinda! Mjomba wangu ndiye msemaji, kazi yangu kunyamaza. Nikanyamaza, nikala halua. Sinia letu likaisha, nikavuta la wenyeji. Mjomba alinifinya, nikalamba vidole.

Mzee akacheka polepole. "Mwanangu, njaa hiyo naijua. Hata mimi ujanani sikuvuta. Nilikuwa nikiila."

Nikavaa makubadhi, nikatoka kichwa juu, halua kidevuni. Pua yake niliishinda, hilo hawezi kukana. Nyumba ile sikurudi tena.