Mgeni Aliyefukuzwa na Gaudiosa

Gaudiosa wa Mbaha alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, muuza usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na msaidizi wa kisheria anayetegemewa na kijiji kizima. Mwenye kesi ya mirathi alikwenda kwake; aliyetelekezewa watoto pia. Basi alipoitwa Mbinga mjini kwa mafunzo ya siku tano kuhusu uhamiaji na hifadhi ya wakimbizi, alipanda milima akiwa na daftari jipya na amani tele moyoni.

Amani hiyo haikufika siku ya tatu.

Siku ya pili, wakili Joakim, mkufunzi wao, alikuwa akieleza tofauti ya mhamiaji na mkimbizi. Mshiriki mmoja akauliza, "Mwalimu, na akiwa hana hata karatasi moja?"

"Nyumba ikiwaka, mama, utakimbia na mtoto au na cheti?" Joakim akajibu. "Anayekimbia vita ajitokeze mapema kwa serikali, aeleze, asikilizwe. Asirudishwe kwenye hatari aliyoikimbia."

Kalamu ya Gaudiosa ikasimama. Miezi mitatu nyuma, mwanamke mmoja alishuka kwenye mtumbwi kutoka upande wa Msumbiji, mtoto mgongoni, akaelekezwa kwake. Aliitwa Recho. Alisema kwa Kinyasa safi kwamba kijiji chao kimechomwa moto, akaomba apelekwe serikalini. Gaudiosa alimpa uji, kisha akamwambia, "Huna karatasi, watakufunga, na mimi nitaitwa mwenye kuficha wageni. Ondoka." Wakati ule aliona ametenda kwa busara.

Tangu somo lile hakutulia. Chakula kilimshinda. Katikati ya somo alitoka, akazunguka ukumbi wa parokia, akarudi, akatoka tena. Jioni ya siku ya tatu alimpigia simu kila mteja wake wa usipa, akimuulizia Recho. Wa Mkumbi, Mama Tadea, ndiye aliyejua: "Mnyasa mwenye mtoto? Yuko kwa jirani hapa, anachuma kahawa."

Asubuhi ya siku ya nne Gaudiosa hakuingia darasani. Alipanda bodaboda hadi Mkumbi, akashuka shambani kwa miguu. Recho alipomwona alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma kati ya mibuni.

"Umekuja na askari?"

"Nimekuja peke yangu, dada. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Ulinifukuza."

Gaudiosa alikubali. Alimweleza alichojifunza, hakumwahidi matokeo. Recho aliendelea kuchuma, tawi baada ya tawi, hata ndoo ikajaa. Ndipo akasema, "Mtoto ana homa ya mara kwa mara, na ninaogopa kumpeleka zahanati nikaulizwa mimi ni nani. Twende. Lakini wewe utaongea kwanza."

Kwenye ofisi ya uhamiaji mjini Mbinga, afisa aliwasikiliza, akaandika, akainua uso. "Miezi mitatu! Kwa nini hukujitokeza mapema?"

Recho akatazama sakafu. Kama Gaudiosa angenyamaza, kosa lingebaki kwa mgeni. Kama angesema, huenda chama cha wasaidizi wa kisheria kikamwachisha kazi, na Mbaha nzima ikajua.

"Aliomba," akasema Gaudiosa. "Siku ileile aliyofika aliniomba nimlete. Mimi ndiye niliyemfukuza. Andika jina langu."

Afisa aliandika. Maelezo ya Recho yalipokelewa ili yapelekwe kwa wanaohusika, mtoto akaandikiwa barua ya kutibiwa, na Recho akaambiwa asubiri wito kwa simu. Hakuna aliyesema wito utakuja lini wala utasema nini.

Siku ya tano Gaudiosa alirudi darasani, akakiri mbele ya wenzake. Joakim alimsikiliza bila kumkemea, akamwambia viongozi wa chama watakaa kumjadili, na atajulishwa kwa simu. Kisha akafanya mtihani wa kumaliza mafunzo.

Recho sasa anaishi Mbaha, kwenye chumba cha nyuma cha Gaudiosa, na mtoto amepona. Wanaanika usipa pamoja. Maneno yao ni machache, ya kazi tu. Na kila simu inapolia, wote wawili huacha walichoshika.