Nilivyosingiziwa Mstari wa Jua

Asubuhi hiyo nilimwachia jirani yangu wa mtaa wa Kangemi mtoto wangu mwenye homa kidogo, nikapanda hadi mtaa wa Loresho nikiwa tayari nimekasirika kwa kumwacha. Nilikuwa nafanya usafi kwa profesa mmoja anayechunguza jua. Juu ya paa lake la zege kuna darubini inayopitisha mwanga kwenye mwanya mwembamba kama wembe, kisha inautandaza kwenye kompyuta uwe mkanda wa rangi wenye mistari myeusi. Kila mstari ni alama ya kitu fulani kilichoko juani, kama vile chuma. Aliyefanya kazi hiyo kabla yangu alifutwa kazi kwa kupangusa kioo cha mashine na kitambaa kibichi. Mimi nilikuwa nafagia tu, mbali nayo.

Nilimkuta mwanafunzi wa profesa, mgeni wa wiki moja, amekodolea skrini macho.

"Anti, umegonga hii kitu?"

"Usiniite anti, tuko rika moja. Sijagonga."

"Mstari wa chuma sasa ni miwili. Jana ulikuwa mmoja. Prof akirudi nitamwambia ni wewe."

Nifutwe kazi kwa kitu sijagusa, na dawa ya mtoto bado sijanunua? Niliweka ufagio chini nikaenda kujionea. Kweli, mstari ulikuwa umepasuka, lakini katikati pekee. Juu na chini ulikuwa mmoja, ila umepindapinda kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta.

"Kama ningegonga mashine, si ungeharibika wote? Hapo katikati mwanya umepita wapi kwenye jua?"

Akaangalia picha ya jua iliyokuwa pembeni mwa skrini. "Juu ya doa jeusi la jua."

"Basi sogeza."

Akausogeza mwanya kando ya doa. Mstari ukawa mmoja. Akaurudisha, ukapasuka tena. Nilimfanya arudie. Kufika mara ya nne nilikuwa nimesahau kujitetea, nataka tu kujua.

Profesa alipofika nilimweleza kabla huyo kijana hajafungua mdomo. Akacheka.

"Hiyo ni sumaku. Ndani ya doa ina nguvu mpaka inagawanya mstari wa chuma."

"Na kule kupindapinda?"

"Gesi ya moto. Ikipanda kuja kwetu, mstari unaegemea upande wa bluu. Ikizama, upande wa nyekundu."

Mwanafunzi akanung'unika pole. Nikamwambia aiseme kwa sauti, Prof asikie. Akaisema. Halafu nikamtoa kwenye kiti, nikakaa mimi, nikaanza kutafuta ni wapi gesi inapanda.