Rubani Alizima Injini Mwenyewe

Maonyesho ya ndege nayachukia. Nasema hivyo mimi niliyeunguza suruali za wateja kwa pasi ya mkaa kwa sababu kitu kilikuwa kinapita juu ya bati nikatoka mbio kukitazama. Ndege naipenda mpaka leo. Ninachokichukia ni ile tabia ya kuikusanyia watu ufukweni, kuwagawia soda, na kuwafundisha kupiga makofi pasipostahili makofi. Onyesho linataka kelele. Linataka ndege ishuke mpaka akina mama wapige ukunga. Lakini rubani mzuri ni yule ambaye abiria wake wakishuka hawana la kusimulia, wanaulizana tu mizigo iko wapi. Nani atakuja kutazama hilo? Hakuna. Ndiyo maana nayachukia.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia, nilikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, karibu na soko. Uwanja wa ndege wa Goma, ng'ambo ya mpaka, uko pua na mdomo na sisi, na siku hizo ndege kubwa za mizigo za Kirusi zilikuwa zikiruka kutoka kule, zinageuka juu ya ziwa, zinatupitia utosini na mzigo wao. Watu walikuwa wananiuliza: "Dada, hii iko ndege gani?" Nami nilijibu bila kuondoa mguu kwenye pedali. Injini nne, imejaa, inaelekea kusini. Nilikosea mara chache. Wengine walikuja dukani bila kitambaa wala shida yoyote, wamekuja kunipima tu. Nilikuwa na kitabu cha kufundishia marubani, cha Kifaransa, nilichokinunua Goma kikiwa hakina jalada, na nilikisoma kama wengine wanavyosoma vitabu vya dini. Niseme wazi: nilipenda kuulizwa. Nilipenda sana.

Mtu aliyenifundisha yale ambayo kitabu hakikusema alikuwa mtoto wa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wa huko Nyamyumba. Alikuwa rubani. Mtu wa kwanza wa upande wetu, kwa kadiri nilivyojua mimi, kukaa kiti cha mbele cha ndege na kuishika mwenyewe. Kila akija kumsalimia mama yake alipita kwangu, anakaa kwenye benchi la wateja, ananichorea kwa chaki yangu juu ya meza ya kukatia nguo: hivi ndivyo upepo unavyopita kwenye bawa, hivi ndivyo unavyotua ukiwa na upepo wa ubavuni.

Na maneno aliyosemwa kijana yule! Kwamba amepewa cheo na wakubwa. Kwamba rubani ni dereva tu, tofauti yake na dereva wa lori ni kwamba huyu wa angani havunji vioo vya magari ya watu. Nilikuwa nawaambia, kwa sauti kubwa mpaka mama yangu akaniombea msamaha kwa majirani: mnajua miaka mingapi ya kusoma? Mnajua kwamba daktari akikuta moyo wake unapiga vibaya, miaka yote hiyo inakwisha asubuhi moja? Mnajua kwamba kila miezi kadhaa anapimwa upya, kama mtoto wa shule, na akishindwa anakaa chini? Walicheka. Walisema fundi cherehani anamtetea mchumba. Nilikuwa na mume na watoto watatu.

Kisha mji ukaandaa sherehe. Barabara ya Ruhengeri ilikuwa imeanza kupitika tena baada ya vita, watu wakiwa na amani kidogo moyoni, na wakubwa walitaka Kigali ijue kwamba Gisenyi ipo, hoteli zipo, ziwa lipo. Mtu mmoja akaja na wazo la ndege. Kampuni ndogo ya Kigali ambayo kijana wetu aliifanyia kazi ingeleta ndege yake ya injini mbili ipite chini chini mbele ya ufukwe mara tatu, kisha itue kwenye uwanja wetu mdogo, watu wapige picha. Na nani airushe kama si mtoto wa hapa?

Yeye mwenyewe hakupenda. Aliniambia hivyo wiki moja kabla, akiwa amekaa palepale kwenye benchi.

"Dada, kupita chini hivyo haina faida yoyote. Lakini patron wa kampuni amesema, donc nitapita."

Siku hiyo ufukwe ulijaa. Mama yake alikaa mbele kabisa, amevaa mushanana, vazi la sherehe nililomshonea. Ndege ilipita mara ya kwanza, watu wakapiga kelele. Mara ya pili ikapita juu zaidi, watu wakanung'unika. Mara ya tatu niliona propela ya kushoto inapunguza mwendo, inapunguza, inasimama kabisa.

Yeyote aliyekuwa pale atakumbuka kelele zile. "Mana yanjye! Mungu wangu, injini imekufa!" Watu wakaanza kukimbia, wengine kuelekea majini, kana kwamba majini ndiko kwenye usalama. Ndege ikaenda mbali juu ya ziwa, ikageuka polepole, ikarudi. "Magurudumu haiko! Magurudumu haitoki!"

Mimi nilisimama. Niliona mambo mawili na moyo wangu ukatulia. La kwanza: mapanga ya propela iliyosimama yalikuwa yamegeuzwa makali mbele ili yasikamate upepo. Injini ikijifia yenyewe ghafla, rubani akashikwa na butwaa, huwezi kuona hivyo. Hapo kuna mtu ameona mshale wa kipimo cha mafuta unashuka, ameamua, na ameizima kabla haijawaka moto. La pili: magurudumu. Ndege iliyobakiwa na injini moja inakuwa nzito, na magurudumu yakiwa nje yanaivuta nyuma. Rubani mwenye akili anayaweka ndani mpaka awe na uhakika wa kufika. Alipokuwa anavuka mapaa ya mwisho aliyatoa, akatua laini, ndege ikasimama. Hakuna aliyechubuka hata kidole.

Nililia. Kisha nikajifuta machozi, nikavimba kwa fahari. Nilikuwa nimeona kazi safi kuliko zote nilizowahi kuziona, na katika umati wote ule ni mimi peke yangu niliyejua nimeona nini.

Ndipo mwandishi wa habari akanifikia. Alikuwa ametoka Kigali, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kizuri, cha kunyooka. Watu walimsukumia kwangu: muulize huyu, huyu ndiye anajua.

"Mama, injini ilikufa?"

"Injini haikufa," nikasema. "Ameizima mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Na magurudumu ameyaficha makusudi mpaka dakika ya mwisho."

Watu walionizunguka wakashangaa: ah! Nami nikainua kidevu. Mwandishi akaandika, akanishukuru, akaondoka. Sikumwambia kwa nini. Katika kitabu changu kisicho na jalada, na katika yote niliyofundishwa kwa chaki, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo: ameizima mwenyewe. Niliona nimemvisha taji.

Gazeti lilifika baada ya siku chache. Kichwa cha habari: rubani azima injini juu ya umati. Chini yake maneno yangu, neno kwa neno, ya "fundi cherehani mmoja mwenye ujuzi wa ndege", kwamba aliizima mwenyewe kabisa, na magurudumu aliyaficha makusudi. Kisha mtu mwingine aliyesema vijana wa siku hizi wanapenda sifa. Kisha swali la mwandishi: je, maisha ya watu ni mchezo?

Nilidhani ni kosa dogo, litarekebishwa. Mafundi waliifungua injini wakakuta bomba la mafuta limepasuka. Ripoti yao ilisema rubani alifanya kila kitu sawasawa, na kwamba angeiacha injini ile ikizunguka, huenda ingewaka moto. Ukurasa mmoja, una mhuri. Hakuna gazeti lililoutaka. Na wateja wa kampuni ile hawakusoma ripoti, walisoma gazeti. Kila aliyetaka kukodi ndege aliuliza kwanza: siyo na yule? Mwenye kampuni alimwambia kijana kwamba anamwamini, anamheshimu, lakini hawezi kurusha viti vitupu. Kampuni nyingine zikamjibu kwa adabu vilevile.

Nikaenda Kigali. Nilifunga duka siku nzima, nikabeba nakala ya ripoti, nikamkuta mhariri ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, na upole ule uliniudhi zaidi. Nilimweleza mapanga, nikamweleza magurudumu, nikamchorea. Alisikiliza yote.

"Mama," akasema, "ndege iliyotua salama si habari."

"Mbona mliiandika?"

"Tuliandika rubani aliyezima injini."

Nikampandishia sauti. Nikamwambia wao hawajui ndege mpaka ianguke, na ikikataa kuanguka wanaitafutia namna. Nikamwambia zinapita salama kila siku juu ya vichwa vyetu na hawajawahi kuandika hata mstari mmoja. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa gazeti lile, akaliweka mbele yangu na kidole chake juu ya maneno yangu.

"Nionyeshe neno moja ambalo hukulisema."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nilitoka bila kuaga.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na hasira ile sikujua niiweke wapi. Mhariri nilimchukia, bado namchukia: alikuwa na ripoti mkononi na angeweza kuandika mistari mitatu tu. Mwandishi naye hakuuliza kwa nini, na kuuliza kwa nini ndiyo kazi anayolipwa. Lakini mimi nilikuwa najua kwa nini, na jibu nililifungia mdomoni kwa sababu sentensi fupi ilinipendeza. Ilinifanya nionekane mtaalamu mbele ya watu wa soko. Walipoanza tena kuniuliza "Dada, hii iko gani?" niliwajibu sijui.

Miezi ikapita. Siku moja mchana kijana aliingia dukani. Alikuwa amepata kazi ya kupokea mizigo ya mashua huko Nyamyumba, mambo ya makaratasi. Aliweka juu ya meza mashati manne meupe, yaliyofuliwa na kukunjwa vizuri, yale ya kazini, yenye vikanda vya mabegani vya kuvalisha alama za cheo.

"Dada, utanitolea hivi vikanda? Shati zingali nzima. Nitavaa ku kazi."

Nikamwambia sitoi. Nikamwambia anitukane kwanza. Nilisema kwa sauti kubwa, mteja aliyekuwa anapimwa akatoka nje na pini zake nguoni. Nikamwambia ni mimi, si gazeti, ni mdomo wangu. Yeye alikaa kwenye benchi akanisubiri nimalize.

"Bon. We ulisema kweli," akasema. "Ile siku kule juu, nilipozima injini, nilikuwa naogopa sana. Nikajiambia: watu bote bataogopa, lakini iko mutu moja kule chini mwenye anaelewa ile niko nafanya."

Nikachukua wembe, nikavuta shati la kwanza, nikaanza kukata uzi.