Nilimdanganya mjukuu wangu kuhusu mtama wa mama

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, nanyi wengine marahaba. Haya nimeyatenda mwenyewe, sikuhadithiwa.

Shambani kwangu, huku upande wa Tura, tulikuwa wanne. Mimi. Neema, binti wa mwanangu wa kwanza Yohana. Wifi yangu Kalunde, dada wa marehemu mume wangu. Na Maganga, jirani tunayepakana naye mashamba.

Neema anasomea mbegu chuoni. Alitaka masuke ya mtama mweupe alioniachia mama. Mtama ule unavumilia jua, lakini kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, kinaumaliza.

Aliyataka mabichi, punje ukiibinya inatoa maziwa.

Sasa kwetu suke la mbegu halikatwi bichi. Linakaukia shambani, kisha linaning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Na ndege kwelea walishanibakizia kijipande tu cha mtama huo. Nikate, mwakani nipande nini?

Neema akaeleza: "Bibi, udongoni kuna bakteria mwenye tabia ya kuingiza vinasaba vyake kwenye mmea. Tunamwondolea vile vibaya, tunambebesha vya kuzuia kiduha, avipeleke ndani ya punje changa. Ni mpagazi."

Kalunde akadakia: "Akifika anapewa posho?"

"Tunamuua kwa dawa, bibi."

"Yesu wangu! Babu zetu wapagazi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na nyumbani wakarudi!"

Tukacheka. Nikamwambia Neema apumzike, asubuhi nitamkatia mwenyewe.

Asubuhi nikaingia shambani kwa Maganga, nikakata masuke mabichi ya mtama wake, mbegu ya dukani. Akanikuta.

"Mama Yohana, unaniibia mchana kweupe?"

"Nakupunguzia kazi ya kufukuza ndege."

Neema akaondoka na masuke yale, amenishukuru kwa kupiga magoti.

(Nilijiambia mtama ni mtama. Shule yangu iliishia la tatu, lakini uongo naujua.)

Wiki nyingi zikapita. Siku moja akapiga simu, anacheka. Kwenye chupa za maabara vimeota vijani.

"Bibi, kwenye lebo nimeandika jina la mama yako."

Nikamwambia palepale, ule ni wa Maganga.

Kicheko kikamwisha.

"Bibi, ungekataa tu. Ungenipa punje kavu chache zilizosalia jikoni, ningeziotesha huku mwenyewe nikangoja zitoe masuke."

Hakuniambia hivyo mwanzo. Nami sikumwambia kwamba naogopa mbegu ya mama itapotea.

Nikapeleka punje za mama hadi mjini, Kanyenye, kwa Yohana, akamfikishia. Vile vijani Neema alivitupa vyote, akaanza upya.

Wakuu, kukataa mbele ya mtu si ukatili. Ukatili ni kuitikia halafu ukafanya lako. Wenzake aliosoma nao wameshavaa joho. Yeye bado anangoja mtama utoe maziwa.

Mnaojua kazi ya maabara, semeni kama nimeeleza vibaya. Na Kalunde, najua unasomewa huku. Kama kuna neno nimekuwekea mdomoni, nisahihishe hapa hapa, usingoje kanisani.