Kesi ya Papai la Mbwa

Tumainieli alishuka kutoka Vudee kwenda Same akiwa na cheti cha ubatizo, suruali mbili na sifa ya kupika makande yasiyoungua. Cheti hakuna aliyekiomba. Suruali moja aliambiwa aichome moto. Makande ndiyo yaliyompatia kazi, kwa sababu meneja wa shamba la mkonge, Mwingereza mwenye shingo nyekundu, alisikia kwamba kijana huyu anajua moto, naye alihitaji mtu anayejua moto. Tangu siku ya kwanza hakumruhusu kupika makande hata mara moja.

Kwao milimani habari zilifika upesi. "Tumainieli anampikia Mzungu," watu waliambiana wakitoka ibadani, kwa sauti ileile wanayomtajia askofu. Mama yake alihamia benchi la mbele. Hakuna aliyejisumbua kuuliza huyo Mzungu anakula nini, na Tumainieli hakujisumbua kusema. Mzungu alikula vya kopo. Nyama ya kopo, samaki wa kopo, hata maharage, katika nchi inayolima maharage mpaka kwenye nyufa za miamba, yalikuja kwa meli ndani ya kopo. Kazi ya mpishi ilikuwa kufungua na kupasha moto. Upishi wenyewe, ule wa kutoka jasho, ulikuwa wa mbwa.

Mbwa walikuwa wawili, Prinsi na Ledi, wenye manyoya marefu ya kufagia sakafu. Walitolewa kwenye nchi ya ukungu wakaletwa Same, mahali ambapo hata mjusi huchagua kivuli. Mwaka ule mvua za vuli zilikataa kabisa. Ng'ombe wa tambarare walilala wasiinuke, wafugaji wa kijiji cha Kisiwani walikata matawi ya miti kulisha ndama, na akina mama walichimba mchanga wa mito iliyokauka wakitafuta maji. Lakini msiba uliotangazwa katika nyumba ya meneja ulikuwa kwamba Ledi amekataa kula. Memsabu, mke wa meneja, alilia mezani. Bwana, kwa majonzi, aliacha nusu ya kopo lake.

Ndipo memsabu alipoingia jikoni na gazeti la kwao lenye picha ya mbwa mwenye furaha kuliko watu wengi, akamfundisha Tumainieli kazi mpya. Papai lililoiva limenywe, na mbegu zitolewe zote, maana mbegu zitamsumbua Prinsi tumbo. Ndizi mbivu isiyo na doa. Embe la Kisiwani likipatikana, lakini nyuzi zake zichujwe kwa kitambaa safi, kwa sababu humkwama Ledi menoni. Maziwa ya mgando kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapozwa. Sukari hapana kabisa, meno ya mbwa yataoza. Vyote vipondwe mpaka viwe laini, vimiminwe kwenye trei ya bati yenye vyumba vidogo vidogo, kisha viwekwe ndani ya friji mpaka vigande. Friji lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa na lilihitaji kubembelezwa: utambi ukipanda kidogo, linatoa moshi, ukishuka kidogo, linanuna na kitu hakigandi. Kila alfajiri Tumainieli alipiga magoti mbele ya utambi ule kabla hajaomba sala zake.

"Mbwa kwanza, mpishi," memsabu alimwambia kwa upole. Alikuwa mama mpole sana. Siku Tumainieli alipolazwa na malaria alimtumia salamu, na kuuliza nani atakata utambi.

Sisemi hakuona aibu. Aliiona, na ilimuuma. Baba yake alimfundisha kwamba mbwa hupewa makombo, na hupewa nje. Lakini mpishi ni mpishi. Baada ya muda alijikuta anamimina papai kwanza, anasubiri lishike, kisha anamimina embe juu yake, ili kila kipande kitoke na rangi mbili. Hakuna aliyemtuma. Mbwa hawakuwahi kumshukuru kwa rangi ya pili, ila yeye alipokitoa kipande kile kwenye trei na kukiona kimetoka bila ufa, alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi.

Alichokitaka Tumainieli duniani kilikuwa kimoja tu, kumwoa Dorkasi. Dorkasi alifundisha wasichana kushona pale misheni ya Vudee, alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamua, na alikuwa ameshaamua. Kikwazo kilikuwa baba yake, mzee Hezroni. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na wanaotusema wanatuonea wote, isipokuwa kwa Hezroni. Huyu aliwahi kumshtaki jirani yake kwa sababu kivuli cha mgomba wa jirani kilikuwa kinalala kwenye kahawa yake. Alishinda nusu ya kivuli. Pia alikuwa mzee wa kanisa na hajawahi kusema uongo, jambo lililompa shida kubwa katika kesi zake nyingi.

"Binti yangu simtoi kwa sifa," Hezroni alimwambia mshenga. "Nitashuka mwenyewe niione kazi yake kwa macho."

Akashuka, tena bila kutoa taarifa, siku ya gulio, jua likiwa utosini. Bwana alikuwa shambani na memsabu alikuwa ameenda stesheni kuchukua mizigo. Tumainieli alikuwa anarudisha trei kwenye friji alipogeuka akamwona mkwe wake mtarajiwa amesimama mlangoni, koti la ibada limelowa mgongoni, midomo imekauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hapa pana joto la kuchemshia mayai. Nipe pa kukaa."

Akapewa kigoda. Tumainieli alikuwa tayari ameshavipanga vipande kwenye sahani mbili za maua ya buluu, ambazo zamani zilikuwa za wageni, kabla hazijapata ufa mdogo na kushushwa cheo. Mzee akazitazama zile sahani. Ubaridi ulikuwa unafuka juu yake.

"Hicho ni nini?"

"Ni matunda, baba. Yamegandishwa."

"Ya nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Tumainieli alifungua kinywa, akamwona Dorkasi moyoni mwake, akakifunga, akakifungua tena. "Ya wa humu ndani," akasema.

"Basi nionje."

Sasa, mkwe hanyimwi. Mkwe akitazama kitu nyumbani kwako umeshampa. Kumnyima ni kumwambia arudi na binti yake. Tumainieli akasogeza sahani. Mzee akatia kipande mdomoni, akashika taya kwa mikono miwili, akafumba macho, na kwa muda Tumainieli alidhani amemuua. Kisha mzee akafumbua macho akachukua kingine. Akamaliza sahani ya Prinsi. Akavuta sahani ya Ledi bila kuombwa wala kuomba, akaimaliza nayo, akainamisha sahani na kunywa kilichoyeyuka. Mlangoni Prinsi na Ledi walisimama wakimtazama kwa macho ya watu waliodhulumiwa.

"Nimeishi miaka yote hii," mzee alisema, akipangusa ndevu, "sijui kwamba papai linaweza kufanywa hivi. Mwambie mshenga wako aje Jumapili baada ya ibada. Tuzungumze mahari."

Tumainieli hakuwa amemaliza kushukuru wakati memsabu alipoingia, kofia mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, lakini kwa jikoni kilitosha.

"Mpishi, wapi chakula ya mbwa?"

Memsabu akaziona sahani, akamwona mzee, akaziona ndevu zenye rangi ya papai, akaelewa. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alicheka. Alicheka kwa wema kabisa, akaweka mkono kifuani, akasema hapana neno, mzee maskini, mzee alikuwa na njaa. Hezroni akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Alipanda mlima mchana ule ule kwa mwendo ambao watu waliomwona njiani walidhani amefiwa.

Wito wa baraza ulifika kabla ya Jumapili. Tumainieli alishtakiwa kwamba amemlisha mzee wa kanisa chakula cha mbwa, kwenye sahani ya mbwa, mbele ya mbwa wenyewe.

Mtu mwingine angenyamaza. Watu waliojua walikuwa watatu, na mmoja alikuwa Mzungu. Lakini Hezroni asingeweza kulala na jambo lisilo na hukumu, kwa hiyo ili aibu yake isijulikane aliipeleka mahali inapotangazwa. Vudee yote ilihudhuria. Waliokuwa na mgonjwa walimbeba.

Mfumwa, chifu wetu, alikuwa amezisikiliza kesi za Hezroni tangu arithi kiti. Alimpa nafasi aseme yote, kisha akamgeukia mzee Daudi, mshauri wake wa baraza, aulize maswali.

"Alikulazimisha?" Daudi aliuliza.

"Hakunilazimisha."

"Alikuambia ni chakula cha watu?"

"Alisema ni cha wa humu ndani."

"Na mbwa wanalala wapi?"

"Ndani."

"Ulikula kiasi gani?"

"Sahani."

"Moja?"

Uongo mdogo tu ungemwokoa, lakini hakuwa na mazoezi. "Kulikuwa na ya pili," akasema, na baraza likaanguka kwa kicheko mpaka mfumwa akagonga fimbo chini.

"Ladha yake ilikuwaje?" Daudi aliuliza. "Baraza lazima lijue."

Mzee alianza kwa hasira, lakini kadiri alivyosema ndivyo hasira ilivyomponyoka. Alieleza jinsi meno yanavyokufa ganzi, jinsi kipande kinavyokataa kwanza kisha kinalegea, jinsi papai linavyotangulia na embe linavyofuata nyuma. Watu walisogea. Mfumwa mwenyewe alilamba midomo, akaamuru kidhibiti kiletwe kikao kinachofuata, kwa ajili ya haki.

Tumainieli alikileta, kimefungwa ndani ya debe la unga wa mbao na majani ya migomba, akakipandisha mlima mbio. Kilifika uji. Baraza halikujali. Mfumwa alionja, akasema hawezi kuamua kwa kijiko kimoja. Daudi alionja, akasema kesi ni ngumu. Wazee wengine waliomba kujiridhisha, kila mmoja kwa dhamiri yake, na kidhibiti kikaliwa na mahakama mpaka chini ya debe. Ikaamuliwa, bila mpinzani, kwamba kile ni chakula cha watu ambacho mbwa wamekuwa wakijitwalia.

"Sawa," alisema Hezroni. Alikuwa amesimama peke yake katikati, na sasa hakuwa anachekesha. "Kitamu ni kitamu, nami nimesema. Lakini yule mwanamke alinicheka. Mimi mwenye nywele nyeupe, nilisimama pale nikaonewa huruma pamoja na mbwa wake. Na huyu anamtumikia kila siku. Dorkasi haolewi na mtumishi wa mbwa. Hilo halihitaji kuonjwa."

Kicheko kilikatika. Tumainieli alitazama miguu yake. Alikuwa amejiandaa kutaniwa mwaka mzima, hata miwili, na hakuna neno ambalo lingemuuma. Ila hili hakujiandaa nalo, na akaogopa kwamba atalia mbele ya watu.

"Baba, ningekuambia," alisema. "Niliogopa utaninyima Dorkasi. Ndiyo sababu peke yake."

Mfumwa alikuwa anakusanya maneno ya hukumu wakati Dorkasi aliposimama kule nyuma walipokaa wanawake, ambao huja barazani kusikiliza tu.

"Naomba nimwulize Tumainieli."

Mfumwa alimtazama mzee Hezroni, akatazama debe tupu, akasema, "Uliza."

"Mbegu za papai nani anazitoa?"

"Mimi."

"Nyuzi za embe?"

"Mimi. Nachuja kwa kitambaa."

"Na mbwa akikataa?"

"Namtengenezea kingine."

"Na rangi mbili? Alikutuma memsabu?"

"Hapana," alisema Tumainieli, kwa aibu kuliko majibu yote. "Niliona tu inapendeza."

Dorkasi akamgeukia baba yake. Hakupaza sauti.

"Baba, mama alikupikia kabla mimi sijazaliwa, na anakupikia mpaka leo. Mwaka ule alipougua kifua, akawa hawezi kusimama, wewe ulimletea nini?"

Mzee Hezroni alifikiri. Watu walimwona anafikiri, anarudi nyuma mwaka hadi mwaka akitafuta, naye alikuwa mtu ambaye hawezi kusema uongo.

"Nilimletea kuni za kupikia," akasema.

Upande wa wanawake hakuna aliyecheka. Mama yake Dorkasi aliinuka taratibu, akampita mumewe pale katikati, akaenda mpaka mbele ya Tumainieli na kumwuliza mahari ataileta lini.